Kidole cha Mama Yudita

Wanangu mnaofanya kazi hii sasa, nawaonea wivu na nawaonea huruma. Wivu, kwa sababu mteja wenu akitaka programu anabonyeza mara moja tu, inashuka yenyewe, ninyi mmekaa mnakunywa soda. Huruma, kwa sababu watu wenu hamwajui. Mtu anaweza kutumia programu uliyoitengeneza miaka mitano na usimwone hata sura. Mimi wangu niliwajua mpaka vikohozi vyao.

Naitwa Mwanaidi. Nilistaafu mwaka jana, au niseme macho na kiuno vilinistaafisha, maana kibanda kilikuwa changu mwenyewe na hapakuwa na bosi wa kuniandikia barua. Kilikuwa upande wa stesheni ya reli, hapa hapa Dodoma mjini. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuweka programu kwenye simu za watu, na miaka ya mwisho nilikuwa nazitengeneza na kuzifungasha mwenyewe. Nikiamka asubuhi mkono bado unatafuta funguo za kibanda. Juzi nilijikuta nimesimama mlangoni nimeshavaa viatu, na sina pa kwenda. Nilivivua polepole nikarudi kukaa.

Nitasimulia bila mpango, ndivyo nilivyoumbwa. Ila mjue mapema kwamba maneno yote haya yanaelekea kwa mama mmoja wa kijijini Zuzu, na simu yake, na jambo nililomwambia siku moja mchana ambalo lilinichukua miaka mitatu kulirudia na kulisahihisha.

Zamani programu ilikuwa kitu cha kushikika. Nilikuwa na kopo la kahawa lililojaa memori kadi, na kila kadi nimeipaka rangi ya kucha ili nijue ina nini. Nyekundu ni michezo. Isiyo na rangi ni kamusi na vikokotoo. Ya waridi ilikuwa na Kurani na Biblia pamoja, na katika miaka yote ile sikusikia zikigombana humo ndani. Mteja anakaa kwenye benchi, tunalaza simu mbili mezani karibu karibu, tunarusha kwa bluetooth. Ilikuwa inachukua robo saa, wakati mwingine nusu. Ole wake atakayezisogeza, inaanza upya.

Na katika nusu saa ile mtu angefanya nini? Anaongea. Nimesikia habari za posa, za mvua zilizokataa, za ng'ombe aliyeingia shamba la mtama la mchungaji wa kanisa. Siku hizi programu inaingia kwa sekunde chache, na ndani ya sekunde chache hakuna mtu anayekuambia lolote. Nalikumbuka lile benchi kuliko mashine yoyote niliyowahi kuimiliki. Lilikuwa na msumari mmoja uliochana sketi nyingi, nami sikuwahi kuugongomea, sijui kwa nini.

Aliwahi kuja bwana mmoja kutoka Mlali, kule Kongwa, na simu saba za majirani zake zimefungwa kwenye kitenge. Kila simu ameifunga uzi wa rangi yake, na maagizo yote yako kichwani. Hii wekeni Biblia, hii wekeni mpira, hii mwenyewe amesema wekeni chochote ila kisipige kelele. Nikamcheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ndiye fundi. Wiki iliyofuata akarudi. Nilikuwa nimechanganya nyuzi mbili, na mwalimu wa kwaya alikuwa amewekewa mchezo wa mpira. Bwana yule hakuwa na hasira. Alisema mazoezi ya kwaya siku hizi yanachelewa kuanza, kwa sababu mwalimu hajamaliza kipindi cha pili.

Kosa la namna hiyo tunalicheka. Ningependa makosa yangu yote yangekuwa ya namna hiyo.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Ndahani. Mgogo wa Chamwino, sauti ya upole, msimamo wa mwamba. Kabla ya simu alikuwa anatengeneza redio, na mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye duka la kuchapisha barua za watu. Duka lilipofungwa alinikuta nimekaa nje na mkoba wangu, akaniuliza kama vidole vyangu vinaweza kushika bisibisi. Nikamwambia vidole vilivyochapa barua za watu miaka kumi vinaweza kushika chochote. Akacheka, na kesho yake nikaanza kwake, kabla kibanda hakijawa changu.

Ndahani alikuwa na desturi yake. Simu ikiletwa haigusi kwanza. Anailaza kifudifudi mezani, anaweka kiganja juu yake, anamtazama mwenye simu na kumuuliza, "Humu mna nini unachokipenda?" Basi mtu anashangaa, anacheka, kisha anafikiri. Mmoja anasema mna picha ya mama. Mwingine anasema mna namba ya mnunuzi wa mbuzi. Ndahani anaandika kwenye kikaratasi, anakibandika nyuma ya simu kwa gundi ya karatasi, ndipo anaanza kazi.

Mimi nilikuwa naona anatupotezea muda. Nilimwambia kaka, hii ni simu, si posa. Foleni imefika barabarani, wewe unauliza watu wanapenda nini. Yeye ananijibu kwamba kuuliza si ujinga, kisha anaendelea na karatasi zake. Nilijifunza kwake kila kitu isipokuwa hilo, na nilijivunia kwamba mimi ni mwepesi kuliko yeye. Kwa kweli nilikuwa mwepesi. Simu nane kwa moja yake.

Kufungasha programu nilijifunza nikiwa mtu mzima, karibu na umri ambao wenzangu walikuwa wanaanza kucheza na wajukuu. Nilipata njia ya kuziunda kwa kupanga vipande, kimoja juu ya kingine, na kwa kuwa nilikuwa mpiga chapa nilikuwa na subira ya vitu vidogo vidogo. Kama mnataka ushauri wangu wa kazi, shikeni huu. Punguzeni uzito wa picha, maana mnayemtengenezea hana simu kama yenu. Jaribuni programu kwenye simu ya bei ya chini kabisa, iliyopasuka kioo, juani. Isiposomeka juani katikati ya Dodoma haina maana. Na alama ya kubonyeza iwe ni kitu anachokiona mtu kila siku. Mimi programu yangu ya kwanza ya wakulima niliiwekea picha ya trekta. Wanawake wa Zuzu walipoiona waliniuliza trekta ya nani, na kama anaikodisha.

Hao wanawake wa Zuzu walikuwa kikundi cha walima zabibu, kumi na mmoja. Wengi hawakusoma, na walikuwa wanasahau walipulizia dawa lini, walipogoa lini. Ndipo nikawatengenezea daftari la sauti. Unabonyeza picha ya kichala cha zabibu, unasema unachotaka, inahifadhi. Ukitaka kusikia, unabonyeza tena. Hakuna herufi hata moja. Sijawahi kutengeneza kitu kilichonifurahisha kama kile.

Mama Yudita ndiye aliyekielewa kabla ya wenzake. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, na ana tabia ya kukaa kimya mpaka udhani hayupo, halafu anasema neno moja linalowachekesha wote. Kila akija mjini alikuwa anapita kibandani na zabibu zimefungwa kwenye gazeti. Anakaa kwenye benchi asubuhi nzima, hana shida yoyote na simu yake, tunakula zabibu tunatemea mbegu kwenye kopo. Mimi Mwislamu wa mjini, babu zangu walikuja na misafara wakabaki, yeye Mgogo wa kanisani. Alinifundisha kupika mlenda usioshikana na mimi nilimfundisha chapati za maji. Dada sina. Nilikuwa namhesabu yeye.

Mume wake, Baba Yudita, alikuwa bingwa wa mizabibu katika upande wao. Akapata maradhi ya figo. Alipoona hawezi tena kusimama shambani alimwomba mkewe simu, akawa anaongea kwenye lile daftari langu siku baada ya siku, akiwa amelala kitandani. Alikuwa anapita shamba zima kwa kichwa. Mstari wa tatu, mzabibu wa pili kutoka kwenye ua wa minyaa, huo ni mkaidi, uachie macho mawili tu ya kuchipulia. Ule wa karibu na tanki usiuguse mpaka mvua zikatike kabisa. Na katikati analalamika uji una chumvi nyingi, anamwita mkewe jina la usichana, anakohoa, anaendelea. Alipofariki, Mama Yudita alikuwa akienda kupogoa na simu mfukoni. Anafika kwenye mstari, anabonyeza zabibu, anamsikiliza mzee, anakata.

Haya nayajua sasa. Wakati ule sikuyajua, na sababu ya kutoyajua ni ya aibu. Aliwahi kuniambia pale kwenye benchi, kwamba msimu huu napogoa na mzee wangu. Nikadhani ni maneno ya mjane, nikaitikia nikaendelea na simu niliyokuwa nayo mkononi.

Sasa niwaeleze jambo moja la ufundi, maana kisa chote kimekaa hapo. Programu ikiwa tayari huifungi tu na kuitoa. Unaitia muhuri wako. Muhuri ni kafaili kadogo kanakokaa kwenye kompyuta yako. Simu inaukumbuka. Siku ukileta toleo jipya, simu inatazama kwanza kama muhuri ni uleule. Ukiwa uleule, jipya linaingia juu ya la zamani, na vyote alivyoweka mwenye simu vinabaki salama. Ukiwa mwingine, simu inakataa, na ina haki ya kukataa, maana haikujui. Hapo inabidi ufute programu ya zamani ndipo uweke mpya. Na ukiifuta, vilivyokuwa ndani vinaondoka nayo.

Mimi muhuri wangu niliupoteza. Kompyuta yangu ilikuwa imechoka, nikaitoa kwa mtu wa vipuri. Kabla ya kuitoa nilinakili kila kitu, mpaka picha za harusi ya mpwa wangu ambaye ndoa yenyewe imeshavunjika. Kale kafaili kadogo kuliko vyote nikakasahau. Nilipokuja kugundua, ile kompyuta ilikuwa imeshakuwa vipande.

Nikamweleza Ndahani. Wanawake wa Zuzu walikuwa wameniomba toleo jipya, sauti za dawa zikae peke yake na za mavuno peke yake, na nilikuwa nimeshawaahidi siku. Ndahani alikuwa na msiba kwao Chamwino, hangeweza kuja. Akaniambia nisifute kitu huko. Nizikusanye simu zote nizilete mjini, tuzitoe sauti moja moja kwa bluetooth, kisha tuweke programu mpya na kuzirudisha. Nikahesabu kichwani, nikaona ni kazi ya siku mbili au tatu. Nikafungasha toleo jipya kwa muhuri mwingine, nikaondoka.

Nilifika Zuzu asubuhi. Wakanipokea kwa mbukwa, salamu yao ya Kigogo, na vigelegele kidogo, wakaniwekea kiti kivulini kando ya ghala. Simu ya kwanza ikakataa, kama nilivyojua. Nikamuuliza mwenyewe mna nini humu, akasema tarehe za dawa za mwaka juzi, futa tu. Ya pili vilevile. Ya tatu na ya nne vilevile. Kuanzia ya tano sikuuliza. Nilikuwa nimeshazoea jibu, na mkono ulikuwa umeshapata mwendo wake, futa, weka, futa, weka. Nilikuwa najiona fundi.

Ya Mama Yudita ilikuwa ya tisa. Mwenyewe alikuwa ameingia jikoni kunipikia. Nilifuta programu ile huku nasikia harufu ya mlenda wake.

Tulikula ugali wa uwele, tukacheka, nikagawa simu. Wenzake wakaanza kubonyeza picha mpya, wanajirekodi wanavyotaniana. Mama Yudita akabonyeza zabibu akaweka simu sikioni. Akaitoa, akaitazama. Akabonyeza tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona Baba Yudita hasemi?"

Mmoja wa wanawake ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache, ni sauti gani zilizokuwa mle. Wote wakawa wananitazama. Wanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema nimefuta mimi, niliharakisha, sikuuliza. Ni maneno manne. Badala yake mdomo ulitoa kile mafundi wote tunachokitoa simu inapotushinda, na ninyi pia mnakitoa, msinidanganye.

"Mama, ulibonyeza nini?"

Akasema alibonyeza zabibu tu, kama siku zote. Nami nikamwambia labda juzi ulipokuwa unasikiliza ulibonyeza pale pa kufutia bila kujua, inatokea, watu wengi inawatokea. Nilisema kwa upole. Upole wenyewe ndio unaonichoma nikikumbuka. Akakitazama kidole chake cha shahada, akakisugua kwenye khanga. Nikamwomba simu nikaipeleke mjini tujaribu.

Ndahani aliishughulikia siku nne. Alitumia kila njia aliyoijua na nyingine alizouliza kwa watu. Vilivyotoka vilikuwa vipande vya picha na mlio wa kengele ya asubuhi. Sauti ya mzee haikutoka hata kikohozi. Siku ya nne akaifunga simu vizuri, akaifuta kioo, akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akaniuliza Mama Yudita nimemwambiaje. Nikamweleza na hilo.

Aliisukuma simu upande wangu wa meza. Halafu akasema, "Dada, sauti kupotea ni kosa la kazi. Hilo la kidole si la kazi."

Nikakasirika, kwa kuwa alisema kweli. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, kumwambia kutamsaidia nini, mzee hatarudi. Nikamwambia kama linakuuma sana nenda kamwambie wewe. Akasema hawezi kwenda kusema kwa mdomo wake neno lililotoka kwenye wangu. Tukakaa hivyo karibu miezi miwili, tunafanya kazi benchi moja, tunapeana bisibisi bila kutazamana. Siku moja akakunja begi lake, akasema anarudi Chamwino, ataweka meza yake huko karibu na maofisi. Aliniachia gundi yake ya karatasi. Sikumzuia. Nilijua vizuri nifanye nini ili abaki, nami sikukifanya.

Mama Yudita hakuja tena kibandani. Simu yake nilimrudishia kwa mkono wa mtu. Msimu wa zabibu ukapita, na mwingine, na benchi likawa la wateja tu. Nilikuwa nikiona mtu anashuka na kifurushi cha gazeti nainuka kumtazama. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu sana, na kila siku nilikuwa naisafiri na kurudi.

Mwaka jana, nilipokuwa nimeshafunga kibanda, nilikutana sokoni na yule mwanamke wa kikundi aliyenieleza siku ile. Tukaulizana hali. Nikamuuliza Mama Yudita hajambo? Akasema hajambo ila shamba sasa anapogoa binti yake, Yudita, kwa kubahatisha, na nusu ya mizabibu ya mzee imekufa. Nikamuuliza simu anatumia? Akacheka kidogo, kicheko cha masikitiko. Akasema ana simu lakini haibonyezi. Ikiita anampa mtu yeyote aliye karibu ampokelee. Hata redio anaomba afunguliwe. Anasema kidole chake hakifai.

Sikununua nilichokuwa nimefuata. Nilichukua bajaji kutoka pale sokoni mpaka Zuzu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno na kuyapangua.

Nilimkuta uani anapepeta uwele. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kana kwamba tuliachana jana, akataka kuinuka anivutie kiti. Nikamwambia asiinuke. Nikakaa chini, kwenye vumbi, na nguo yangu ya kutokea. Maneno yote niliyoyapanga yalinikimbia. Nikamwambia ile sauti ya mzee haikufutwa na wewe.

Akaacha kupepeta.

Nikamweleza muhuri, nikamweleza kompyuta, nikamweleza jinsi Ndahani alivyonikataza na jinsi kuanzia simu ya tano sikuuliza. Nikamweleza kwamba alipokuwa jikoni ndipo nilipofuta, na kwamba nilijua wakati uleule ninasema uongo. Sijui alielewa mambo ya muhuri. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mama."

"Sikumfuta mimi."

"Hukumfuta. Nilimfuta mimi."

Akauweka ungo chini. Akakitazama kile kidole, akakigeuza, akakitazama upande wa pili. Kisha akasema, na hakuwa ananiambia mimi, "Kila nikilala nilikuwa namwomba anisamehe."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Akanishika bega, akasema ameshanisamehe, na Mungu ni shahidi wake, nisijiumize. Kisha akauliza kama nimekula. Akanipikia, nikala kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilipoondoka aliniandalia zabibu, chache, za mizabibu iliyobaki.

Nilikwenda Chamwino wiki ileile. Ndahani macho yamefifia, anafanya kazi kwa kioo cha kukuzia, na bado analaza simu kifudifudi na kuweka kiganja. Nikamwambia nimekwisha kwenda Zuzu. Akaniuliza nilikwenda na nini, nikamwambia mikono mitupu. Akavuta stuli nikakaa. Nilimshikia taa akawa anatengeneza simu ya mtu, na kwa saa moja ile nilikuwa kazini tena.

Watu wananiuliza kama ninaikosa kazi. Ninaikosa mpaka tumboni. Ila nikiwa peke yangu ninaikosa zaidi ile simu ya tisa kuliko kazi nzima.

Mama Yudita tunaonana sasa. Mimi nakwenda Zuzu, yeye anakuja kwangu na gazeti lake la zabibu, tunakaa, tunatemea mbegu, anasema neno lake moja ninacheka mpaka mbavu zinauma. Anabonyeza simu mwenyewe, anapokea mwenyewe, anaongea kwa sauti kubwa kama zamani. Hakuna kinyongo, nimekitafuta usoni mwake sikukiona. Mwezi uliopita simu yake iligoma, akawa anaitikisa hapo hapo mbele yangu. Nikanyoosha mkono bila kufikiri, mkono wa miaka kumi na tisa. Akanitazama kwa upendo wote, akaichomeka simu kifuani ndani ya khanga, akasema ataipitisha kwa fundi wa sasa kule stesheni akirudi.